Baiskeli Nyekundu Isiyosimama kwa Mama Trizah

Niliwahi kuegemea kaburi la mtu, na mwenye kaburi alikuwa barabarani ananipigia mluzi niharakishe.

Sikuwa nimelewa. Mimi ni Monari, nauza vipuri vya pikipiki hapa Rongo. Wanaonijua wanajua mdomo wangu hauna breki, lakini kutunga uongo siwezi, huwa nacheka katikati.

Hii sikucheka. Wacha niwaeleze.

Tuko na kikundi chetu cha baiskeli. Si zile za kubeba magunia, ni za resi, matairi membamba, usukani umepinda kwenda chini. Na zile nguo za kubana ambazo mke wangu aliniomba nisizivae nikipita mbele ya kanisa lake.

Tunatoka Jumapili, kwa sababu Jumamosi nusu ya kikundi ni Wasabato. Kiongozi wetu ni Valary, mwalimu wa hesabu, mwili mdogo kabisa. Kwenye mlima anakuacha hapo ukihema na dhambi zako.

Njia yetu tunayoipenda ni hii. Rongo mpaka Rodi Kopany, unakata kushoto kuelekea Ndhiwa. Hapo ni miwa kulia na kushoto, na vilima vidogo vidogo, unapanda kidogo, unashuka kidogo, hakuna cha kukuua.

Halafu nchi inalala, upepo unakupiga kifuani, na unaona ziwa. Hiyo ni Karungu. Unafuata ufuo mpaka Sori, mnakula samaki, mnarudi kwa kupitia Migori. Ukifika nyumbani miguu imekufa lakini roho iko sawa.

Sasa kulikuwa na mwenzetu anaitwa Nicanor.

Alikuwa mchomeaji vyuma pale Rongo, mrefu, mpole, ana pengo la meno ya mbele. Alikuja na baiskeli nyekundu ya mtumba aliyoirekebisha mwenyewe. Mtu wa nguvu. Upepo ukiwa mbaya alikuwa anakaa mbele, sisi wote tunajificha nyuma yake, na hata hatuombi.

Lakini alikuwa na mambo yake.

Kwanza, alikuja tu tukienda njia ya Karungu. Valary akisema wiki hii ni Mbita na Rusinga, Nicanor haonekani. Tukisema Kilgoris, yuko na kazi. Tukisema Karungu, yeye ndiye wa kwanza kufika stendi.

Pili, tukianza kuona maji ya ziwa, alikuwa anavuta kile kitambaa cha shingo mpaka puani, anavaa miwani nyeusi, anarudi nyuma kabisa ya mstari. Jua la kuchoma ngozi, na yeye amejifunika kama mwizi wa kuku.

Tatu ndiyo iliniudhi.

Kabla ya Sori kuna boma moja lenye ua wa minyaa, lango linatazama barabara. Kila Jumapili hapo langoni alikuwa anakaa mama mmoja mzee, Mama Trizah, kwenye kiti cha plastiki cha bluu. Pembeni yake mtungi wa maji na kikombe cha bati. Sisi tukipita anatuita tunywe. Maji baridi, yana ule moshi kidogo wa mtungi wa udongo. Hataki hata shukrani, anatuangalia tu tukinywa na kutuambia tumekonda.

Wote tulikuwa tunasimama. Nicanor hakusimama hata siku moja. Alikuwa anapita polepole, polepole sana, ameangalia ng'ambo, halafu anatungoja mbele kwenye kalvati, kile kidaraja cha saruji.

Nilimwambia usoni kwamba ana madharau. Kwamba huyo ni mzazi wa mtu, amechota maji na mgongo wake, na yeye anampita kama mti. Alikaza tu kamba ya kiatu ambayo haikuwa imelegea.

Basi Jumapili moja nikapata pancha, na nikaipata mbele ya lango lile lile.

Wengine walikuwa wameshatangulia, nimebaki na Nicanor nyuma. Mama Trizah siku hiyo hakuwa langoni. Nikaweka tyubu ya akiba, nayo ikawa inavuja. Hapo dawa ni moja, upate beseni la maji, uzamishe tyubu, uone inapotoa povu, uzibe.

Nikamwambia Nicanor aingie aombe beseni, mimi nafungua tairi. Akasema niingie mimi.

Nikamuuliza kwani yeye hana miguu. Akarudia, niingie mimi. Sauti yake ilikuwa imebadilika, lakini mimi hasira zilikuwa zimeshapanda, nikaingia nikibeba gurudumu langu na kunung'unika.

Mama Trizah alikuwa ndani ya boma, anaanika omena, wale dagaa wa ziwani. Akanipokea vizuri, akaniletea beseni, akaliweka kando ya nyumba penye kivuli. Nikachuchumaa. Kulikuwa na kitu cha saruji na vigae vyeupe pembeni yangu, nikakiegemea kwa mkono mmoja.

Nikaona povu. Nikaweka alama. Nikainua kichwa, na mbele ya macho yangu, chini ya kioo, kulikuwa na picha.

Ni pengo la meno nililoliona kwanza.

Nicanor Odhiambo, imeandikwa. Alizama ziwani. Na mwaka. Miaka mitatu nyuma.

Barabarani nikasikia mluzi. Nicanor ananiambia niharakishe.

Mkono wangu ulikuwa bado uko juu ya kaburi. Sikujua niutoe au niuache. Nywele za shingo zilisimama zote, na mimi nywele sina nyingi.

Nikamuuliza mama huyu ni nani. Akasema ni mwanawe, alikuwa mvuvi kule kisiwa cha Remba, ziwa lilimchukua na halikumrudisha. Alisema taratibu, akiendelea kutandaza omena. Halafu akaniuliza kitu, na mimi kwa ile hofu sikukitilia maanani.

"Yule mwenzako wa baiskeli nyekundu, yeye hasikii kiu?"

Nikamwambia ana maji yake kwenye chupa. Akatikisa kichwa, akaangalia barabara, akarudi kwenye omena zake.

Nilitoka pale na gurudumu langu. Nikaziba tyubu vibaya, nikaiziba tena. Nicanor alikuwa ananipa pampu na mimi naogopa kuishika. Niliangalia kivuli chake. Kilikuwepo. Niliangalia jasho lake. Lilikuwepo.

Tulipofika kwenye kalvati nikashuka, nikatupa baiskeli chini, baiskeli ninayoipenda kuliko shemeji zangu, nikamwambia hatutoki hapo mpaka aniambie yeye ni nani.

Akavua helmeti. Akavua miwani. Akakaa kwenye ukuta wa kalvati.

"Yule ni mama yangu," akasema. "Na ndani ya lile kaburi kuna tunda."

Mimi ni Mkisii, nimekulia kati ya Wajaluo lakini si mambo yao yote nayajua. Akanieleza. Mtu wao akipotea ziwani na mwili ukakosekana kabisa, hawawezi kuacha tu hivyo. Wanatafuta tunda la mti wa yago, lile refu zito linaloning'inia. Wanalilaza kwenye jeneza, wanalilia, wanalizika kwa jina lake. Hapo marehemu anatulia na walio hai wanatulia.

Shida ni pale marehemu anapokuwa hajafa.

Mambo yalikwenda hivi. Mashua aliyokuwa afanye nayo kazi ilizama, na wenzake wakasema alikuwa ndani. Hakuwa ndani. Asubuhi ile alikuwa amerukia mashua nyingine iliyokuwa imepungukiwa mtu, ikavuka maji ya nchi nyingine, wakakamatwa na doria. Akakaa jela ya ng'ambo bila simu, bila kitambulisho. Alipotoka akashukia Sori, na watu waliokuwa wananunua mandazi wakakimbia wakaacha mandazi.

Ndugu yake mkubwa, Austine, ndiye aliyekuja kumkuta pale ufuoni. Walikumbatiana wakalia. Halafu Austine akamwambia asikanyage nyumbani, maana mtu aliyeshazikwa akirudi hivi hivi analeta kifo.

Wazee walisema njia ipo. Yago lifukuliwe kwanza, dawa ifanywe, ndipo mtu aingie. Ila mkono uliolizika ndio lazima ulifukue. Na mkono huo ni wa Austine, ndiye aliyelikata kwenye mti na kulilaza kwenye jeneza kama ndugu yake. Austine akakubali. Siku ikapangwa, na Nicanor akaja Rongo kungoja, akashika kazi ya kuchomea vyuma.

Kabla ya siku hiyo, mtoto mchanga wa Austine akashikwa na homa, akafa.

"Tangu hapo hataki kusikia habari ya kufukua," Nicanor akaniambia. "Ana watoto wengine. Anasema nikiingia bila yago kutoka, atakayefuata ni mama. Mama hajui hata kama niko hai. Presha yake iko juu, wamemficha."

Ndio hapo nikaelewa baiskeli. Nikaelewa kitambaa na miwani. Boma haruhusiwi kuingia, lakini barabara ni ya serikali. Alitafuta kikundi cha watu wanaopita pale kila mara, wamejifunika, mahali ambapo hakuna atakayeuliza. Alikuwa anaendesha siku nzima, vilima vyote vile na upepo wote ule, ili apite mbele ya mama yake kwa muda mfupi ambao hata chupa ya maji huwezi kuifungua.

Mimi nikamwambia huo ni ujinga. Kwamba mtoto alikufa kwa malaria, kwamba wao ni watu wa kanisa, aingie akamsalimie mzazi wake tuendelee na maisha.

Akaniangalia bila hasira.

"Kama ni uongo, nimepoteza miaka bure. Kama ni kweli, nimemuua mama. Monari, wewe ungejaribu na wa kwako?"

Mama yangu yuko hai Nyamarambe. Nilimfikiria, nikaokota baiskeli yangu.

Kuanzia hapo nikawa namnywea. Nilikuwa nakunywa maji pale langoni huku nikimuuliza mama habari ya mgongo, ya mahindi, ya usingizi, halafu nampelekea Nicanor kwenye kalvati. Anasikiliza kama redio. Mara nyingine ananirudisha nyuma, ulisema alicheka? Alicheka vipi?

Valary na wengine hawakujua. Walishangaa tu kwamba sijamtukana Nicanor siku nyingi.

Mama alikuwa anakonda. Hilo sikumwambia mwanzoni, lakini lilionekana hata kwa mtu anayepita. Kikombe kilikuwa kinatetemeka akikushikisha. Halafu akaanza kuja langoni akishikwa mkono na mke wa Austine.

Halafu ikafika Jumapili kiti hakikuwepo.

Mtungi haukuwepo. Lango limefungwa. Na Nicanor, ambaye huwa hasimami pale, akafunga breki mpaka gurudumu la nyuma likainuka.

Alisimama katikati ya barabara na baiskeli katikati ya miguu. Nikamwambia angoje. Valary alitaka kujua kuna nini, nikamwomba tu amshike asiende popote.

Nikaingia. Austine alinikuta mlangoni, mtu mkubwa, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alinijua mimi ni nani, na alijua barabarani kuna nani. Akaniambia mama amezidiwa, hospitali wamewarudisha nyumbani, niondoke na huyo mtu wangu.

Hapo mdomo ukakatika breki kabisa. Nilimwambia huyo si mtu wangu, ni ndugu yake, na kama yeye anaogopa tunda basi anipe jembe nilifukue mimi. Nilisema na mengine ambayo siwezi kuandika hapa.

Hakunipiga. Ningemwelewa kama angenipiga.

Alisema, "Umewahi kuchimba kaburi la mtoto wako? Basi usiniambie habari ya jembe."

Kutoka ndani sauti ikaita. Nyembamba, lakini tuliisikia sote wawili. Mama alikuwa anaomba kiti chake cha bluu.

Austine akamwambia apumzike. Mama akasema atapumzika wakishampeleka langoni. Akaniambia na mimi nibebe mtungi, kwani nimeunywa sana.

Tukambeba na kiti chake, mimi huku, Austine huku. Hakuwa na uzito wowote. Mke wa Austine akafungua lango, na hapo mbele yetu, upande wa pili wa lami, Nicanor amesimama na kitambaa puani.

Mama akamwangalia.

"Nyathina," akasema. Mwanangu. "Toa hicho kitu usoni, utakosa hewa."

Nicanor alishusha kitambaa. Akashindwa kufungua helmeti, Valary akamfungulia huku haelewi chochote.

Mama alijua.

Alijua tangu Jumapili ya kwanza, akatueleza pale pale kwenye kiti chake. Nicanor alipokuwa mdogo alianguka kutoka kwenye punda, goti la kulia likapona limepinda kidogo, na akikanyaga pedali linatoka nje. Sisi tulikuwa tunamcheka kwa hilo goti, tunasema linatafuta barabara yake. Mama aliliona likipita langoni kwake na akaenda moja kwa moja kwa Austine akamuuliza.

Austine alishindwa kumdanganya. Lakini akamwambia kwamba aliyezikwa kwa yago akivuka lango kabla tunda halijafukuliwa, ziwa linarudi kumchukua kweli. Mama naye akaamini, au akaogopa kutoamini. Akamwapisha Austine asimwambie Nicanor kwamba amemjua, maana akijua ametambuliwa, ataingia.

Mtoto alikuwa anaogopa kumuua mama. Mama alikuwa anaogopa kumuua mtoto. Na Austine katikati amebeba hofu zote mbili, na kaburi dogo la kwake juu.

Wazee walikataza lango tu. Hawakusema lolote kuhusu maji ya barabarani. Basi mama akatoa mtungi wake akauweka nje ya lango, Jumapili baada ya Jumapili. Sisi wengine, akasema, tulikuwa tunabahatika tu.

Yule ambaye maji yalichotwa kwa ajili yake ndiye peke yake hakuwahi kunywa.

Niliposikia hivyo nilikaa chini kwenye lami na nguo zangu za kubana, nikalia, na sioni haya kusema.

Mama alichota mwenyewe. Alikataa kusaidiwa. Nicanor akavuka barabara, akapiga magoti nje ya lango, mama ndani, akampa kikombe. Maji mengi yalimwagika. Alikunywa yaliyobaki, na mama akashika kichwa chake kwa mkono mmoja, mkono ukiwa umevuka mstari wa lango.

Halafu akamgeukia Austine. Alisema Kijaluo, mke wa Austine akanitafsiria.

"Mimi sitalala kando ya tunda. Kesho ulitoe. Kama kuna kifo kinadai mtu, kianze na mimi, nimeshakula vya kutosha."

Austine alilitoa. Mzee wa dawa alikuwepo, na mimi nilifunga duka nikaenda. Alichimba akisali sala za kanisani na kutaja majina ya watoto wake mmoja mmoja. Lile tunda lilikuwa limekauka, jepesi kama kipande cha kuni, limefungwa shati la Nicanor. Siku hiyo Nicanor aliingia kwao kwa mwanya waliokata kwenye minyaa, si kwa lango, kwa sababu wazee walitaka hivyo.

Alilala sakafuni kando ya kitanda cha mama yake.

Na mama akafa wiki hiyo hiyo.

Najua mnachofikiria. Kila mtu pale Karungu anafikiria hicho hicho. Mimi nasema alikuwa mgonjwa, hospitali walikuwa wameshamrudisha, nilimbeba kwa mikono yangu na nilijua. Wengine wanasema yago limelipwa. Nimebishana nao mpaka nikachoka, na siwezi kuthibitisha.

Austine alimzika mama, halafu akahamisha mke na watoto wakaenda kupanga Migori mjini. Hakugombana na mtu. Alimkumbatia Nicanor pale langoni kwa muda mrefu, akamwambia anampenda, na akamwambia asiwatembelee kwanza.

Nicanor amebaki peke yake kwenye boma lile. Haendeshi tena. Baiskeli nyekundu imening'inia ukutani.

Tukipita Jumapili tunamkuta langoni kwenye kiti cha bluu, na mtungi, na kile kikombe. Majirani hawanywi. Wanavuka upande ule mwingine wa barabara. Wanaokunywa ni sisi tu.

Basi ninachotaka kuwaambia ni hiki. Wengine wenu kuna mtu mnampita. Si kwa baiskeli, labda kwa simu, mnaangalia picha yake mnaizima, mnasema wacha nisimletee shida. Mnadhani mnamkinga. Nendeni mumuulize yeye mwenyewe anaogopa nini, kwa mdomo wake, kabla mtu wa katikati hajachoka kuwabeba wote wawili.

Jumapili iliyopita nilimuuliza Nicanor, kama angejua mama amemtambua, angesimama siku ile ya kwanza?

Alikuwa ananichotea. Akasema angesimama, na kama mama angekufa siku ile ile, bado angesimama.

Halafu akaniambia nimekonda.

Nikanywa yote.